Pambo la Krismasi Lianzie Nyumbani

Msikilizaji, ifikapo katikati ya Novemba maduka ya Kariakoo, na yale ya River Road kule Nairobi, huanza kubadilika rangi. Matufe mekundu na ya dhahabu yanajaa mbele ya duka, nyuzi za kumetameta zinaning'inia mlangoni, miti ya plastiki inapangwa ikiwa imekunjwa ndani ya maboksi, na taa zinawaka na kuzimika mchana kweupe. Vitu hivyo vinanunuliwa, vinafika nyumbani, vinatundikwa kwa saa moja na kazi imekwisha. Januari vinapandishwa juu ya kabati au vinakwenda jalalani. Mazungumzo yangu ya leo yanahusu hiyo kazi inayokwisha kwa saa moja, kwa sababu naona hapo ndipo tunapopunjika. Ninachodai ni kwamba pambo la Krismasi, tangu lilipoanza kutajwa katika maandishi, lilikuwa kwanza shughuli ya watu wa nyumba moja, na kile kilichotundikwa kilikuwa matunda ya shughuli hiyo. Anayenunua matunda peke yake anabaki na kitu, na shughuli anamwachia mwingine. Sisemi kwamba vya dukani ni vibaya, wala kwamba kila kilichotengenezwa kwa mkono kina baraka. Mbele kidogo mtaona kwamba hata hayo matufe ya dukani yamepita mikononi mwa watu.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1605 msafiri mmoja, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliandika alichokiona Strasbourg, mji ambao leo uko Ufaransa. Wakati wa Krismasi watu wa huko walisimamisha miti sebuleni, wakaitundikia mawaridi yaliyokatwa kwa karatasi za rangi nyingi, matofaa, vimkate vyembamba, vipande vya kung'aa vya rangi ya dhahabu na vitu vitamu vya sukari. Hiyo ni miongoni mwa taarifa za zamani sana tulizo nazo kuhusu mti uliopambwa namna hiyo, na ndani yake karibu kila kitu kimetoka shambani, jikoni, au kwenye mkasi wa mtu aliyekaa kitako. Karatasi ilitangulia. Hata tufe la kioo, ambalo leo tunalihesabu kuwa kitu cha dukani hasa, lilizaliwa katika nyumba za watu. Lauscha ni mji mdogo katika milima yenye misitu ya Thüringen, Ujerumani, na kiwanda cha kwanza cha kioo kilijengwa hapo mwaka 1597. Oda ya kwanza ya matufe ya Krismasi inayojulikana kwenye vitabu vya mji huo ni ya mwaka 1848. Baba aliketi mbele ya mwali wa taa akipuliza kijibomba cha kioo hadi kikavimba, mama akaingiza ndani maji yenye fedha ili tufe ling'ae kama kioo cha kujitazamia, na watoto wakapaka rangi na kufunga kishikizo. Kisha wanawake wakabeba mizigo hiyo mgongoni ndani ya matenga hadi Sonneberg, kwa wachuuzi. Mwaka 1880 mfanyabiashara wa Marekani, F. W. Woolworth, alinunua machache kwa kusitasita, akashangaa kuona yanavyokwisha dukani, na tangu hapo oda za kwenda Lauscha zikawa hazina mwisho.

Hapo msikilizaji makini atanikatiza. Ataniuliza: kama huko Lauscha ilikuwa nyumba, familia na mikono, basi hao watoto walikuwa wanafaidi nini? Swali ni la haki. Oda zilipofurika, meza ya familia iligeuka kiwanda kisicho na ukuta. Watu walifanya kazi hadi usiku, malipo yalikuwa madogo, na mtoto aliyepaka rangi tufe hakulitundika kwao bali alilifungasha liende New York. Vita ya mwaka 1939 ilipoziba njia ya bidhaa za Kijerumani, kampuni ya Corning huko Marekani ilichukua mashine iliyobuniwa kutengeneza balbu za taa ikaitumia kupuliza matufe ya Krismasi, maelfu kwa maelfu kwa siku. Leo sehemu kubwa ya mapambo ya Krismasi yanayouzwa duniani hutoka Yiwu, mji wa jimbo la Zhejiang nchini China, na picha zilizopigwa katika karakana za huko zinaonyesha vibarua waliofunga vitambaa usoni wakichovya nyota za sponji kwenye gundi, kisha wakizigubika kwa unga mwekundu, moja baada ya nyingine. Hiyo nayo ni kazi ya mkono. Na sisi pia tumo. Wachonga mawe ya sabuni wa Tabaka, kule Kisii, wanachonga hori la Betlehemu, Mariamu na Yosefu, ng'ombe na kondoo. Akina mama wanatengeneza malaika wa shanga, na nyota za maganda makavu ya mgomba. Mengi ya hayo yanauzwa Ulaya na Marekani ya Kaskazini kupitia maduka ya biashara ya haki, kama yale yaliyoanza mwaka 1946 kwa juhudi za mama mmoja Mmenoni, Edna Ruth Byler, na baadaye yakaitwa Ten Thousand Villages. Ni riziki halali na siibezi. Lakini utazame ajabu yake: mikono yetu inapamba miti yao, mikono ya Yiwu inapamba ya kwetu, na makontena yanapishana baharini.

Kwa hiyo mkono peke yake hauwezi kuwa kipimo. Kipimo ninachokitumia ni kwamba aliyelitengeneza pambo na atakayelitazama wakae chini ya paa moja. Mfano wenye nguvu kuliko yote ninaoufahamu unatoka Niesky, mji mdogo wa mashariki mwa Ujerumani, ambako Wamoravian walikuwa na shule ya bweni. Wanafunzi wengi walikuwa watoto wa wamisionari waliokuwa kazini nchi za mbali, watoto waliomaliza miaka bila kuwaona wazazi wao. Mwanzoni mwa karne ya 19 nyota ya karatasi yenye ncha nyingi iliingia katika masomo ya hapo kama zoezi la jiometri. Baadaye ikawa desturi watoto kukaa pamoja Jumapili ya kwanza ya Majilio na kuiunda. Ni kitu kizuri kukieleza kwa sababu hakina siri. Kiini chake ni umbo lenye nyuso 26: miraba 18 na pembetatu 8. Mraba mmoja wa juu unaachwa wazi kwa ajili ya kamba ya kutundikia. Miraba 17 iliyobaki inabeba ncha zenye pande nne, na zile pembetatu 8 zinabeba ncha zenye pande tatu. Jumla ni ncha 25. Ukitaka ncha moja ya pande nne unachora juu ya manila pembetatu nne ndefu zilizokutana kileleni, unaacha ukingo mwembamba wa kupakia gundi, unapitisha ncha butu ya mkasi kwenye kila mstari kwa kufuata rula, ndipo unakunja. Mstari ukihama kwa unene wa kalamu ya risasi tu, ncha inapinda na haikai juu ya mraba wake. Hapo hapana haja ya mwalimu kusahihisha kwa wino mwekundu, karatasi yenyewe inakataa. Kanisa lililoipa dunia nyota hiyo ndilo lililofika Rungwe mwaka 1891, na leo Tanzania ndiyo nchi yenye Wamoravian wengi kuliko nyingine yoyote.

Najua kuna anayesikiliza akitikisa kichwa. Nyota ya Wajerumani, mti wa Wajerumani, na juu ya mti tunabandika pamba iwe theluji, tena Dar es Salaam mwezi wa Desemba, feni zikizunguka. Mwacha asili ni mtumwa, atasema. Kuhusu theluji ya pamba nakubaliana naye bila kubishana. Lakini pingamizi lenyewe likipimwa vizuri linamgonga mnunuzi kuliko mtengenezaji. Anayenunua analetewa umbo la mtu mwingine likiwa limekamilika, na hana la kubadilisha isipokuwa rangi. Anayetengeneza analazimika kuanza na kilichopo karibu naye, na kilichopo karibu naye kitalibadili umbo hilo, atake asitake. Ufilipino ni nchi ya joto, yenye Wakatoliki wengi, na hawakungoja msonobari. Walichana mianzi, wakaifunga ikawa nyota ya ncha tano, wakaivika karatasi nyembamba na kuweka mwanga ndani. Nyota hiyo wanaiita parol, na inahusishwa na misa za alfajiri wanazosali siku tisa kabla ya Krismasi. Hutundikwa kila mahali, watoto hufundishwa kuitengeneza shuleni, na mji wa San Fernando katika jimbo la Pampanga una tamasha la taa hizo zilizokua hadi kuwa kubwa kuliko nyumba. Ilianza na mianzi, na mianzi hata sisi tunayo.

Tunayo na zaidi. Desemba mkakaya, ambao wengi wanauita mkrismasi, unawaka maua mekundu kando ya barabara kuanzia pwani hadi bara. Asili yake ni Madagaska, lakini umekwisha kuwa wa kwetu, na maganda yake marefu ya mbegu ya mwaka uliopita yakikauka yanalia kama kayamba ukiyatikisa. Pwani kuna matawi ya mvinje, kuna makuti mabichi ya kufunga tao la mlangoni, na kuna ukili. Mtoto aliyewahi kumwona bibi akisuka ukili wa mkeka anajua kwamba ukindu huchemshwa na rangi sufuriani, ukaanikwa, ukasukwa ukiwa na unyevu ili usikatike, na utepe huo huo ukikunjwa na kushonwa unaweza kuwa nyota au kengele. Kilimanjaro kihamba kizima, yaani shamba la migomba la nyumbani, ni ghala la malighafi. Ganda kavu la mgomba ukilinyunyizia maji kidogo linalainika, upande wa nje unang'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta, na unaweza kulichana nyuzi nyembamba za kuzungushia kijiti hadi kikawa malaika au mchungaji. Lakini majani ya masale tuyaache mahali pake, hayo yana kazi nyingine nzito ya kupatanisha watu.

Pingamizi la pili halisemwi kwa sauti, nalo ni aibu. Watu wanaogopa kwamba mnyororo wa karatasi uliogundishwa kwa uji wa ngano utamwambia jirani kwamba nyumba hii mwaka huu mambo si mazuri. Na watoto wenyewe, tusidanganyane, wanapenda kinachomeremeta. Hofu hii ina ukweli, kwa sababu kwetu kilichonunuliwa kimekuwa ushahidi wa uwezo, na mzazi aliyehangaika mwaka mzima ana haki ya kutaka Krismasi imwonyeshe hivyo. Lakini jambo hili linabadilika pale ubora wa kazi unapopewa nafasi ya kushindana. Mji wa Kraków huko Poland una desturi iitwayo szopka. Katika karne ya 19 waashi na mafundi wa pembezoni mwa mji, ambao majira ya baridi yaliwanyima kazi ya ujenzi, walianza kutengeneza hori la Betlehemu katika umbo la makanisa na majengo ya mji wao, wakitumia mbao, maboksi na karatasi za kung'aa, zikiwemo zile zinazofungia peremende. Mwaka 1937 mji ukaanzisha mashindano. Hadi leo, Alhamisi ya kwanza ya Desemba, mafundi wakubwa kwa watoto wanapanga kazi zao uwanja mkuu wa mji watu wakitazama, na mwaka 2018 UNESCO iliiingiza desturi hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Karatasi ya peremende ni ileile aliyoitupa mtoto wako jana. Kilichoiondolea aibu ni ufundi uliotiwa ndani yake, na macho ya watu waliokubali kuutambua. Kanisa, mtaa au shule ikisema mwaka huu tutapanga kazi za nyumba zote na kuzitazama, aibu itahamia kwa aliyekuja na cha dukani.

Kubwa kuliko hayo ni muda, na hapa siwezi kumjibu mtu kwa maneno matamu. Mama anayefunga genge saa tatu usiku, au baba anayekaa kwenye foleni ya magari mpaka watoto wamelala, hana jioni za kukunja karatasi. Ushauri unaotolewa bila kumfikiria huyo ni ushauri wa watu wenye nafasi. Lakini ile nyota ya Niesky ina ncha 25, na kuanzia tarehe 1 Desemba hadi sikukuu yenyewe kuna siku 25. Ncha moja kwa siku, kwa mtu aliyekwisha kukatiwa kigezo cha boksi, haizidi robo saa, na anayeikunja si lazima awe mzazi. Shule zinakuwa zimefungwa, na watoto wakubwa wapo nyumbani wakiwa na simu mkononi na uvivu mwingi. Tena kwa familia nyingi Desemba ndio mwezi wa safari. Mabasi ya Moshi yanajaa, nauli zinapanda, na nyumba ambazo mwaka mzima zilikaliwa na bibi na babu peke yao zinapokea wajukuu kumi kwa mpigo, wanaozungumza Kiswahili cha mjini na wasiojua waanzie wapi kuzungumza na mzee huyo. Wakikaa sebuleni wakatazamana, maongezi yanakwisha baada ya kuulizana habari za shule. Wakipewa ganda la mgomba na kuambiwa muulizeni bibi namna ya kulichana, maongezi hayahitaji kusukumwa, kwa sababu bibi ana kitu ambacho wao hawana na wanakihitaji saa hiyo hiyo. Hii ndiyo sehemu ya faida ambayo boksi la matufe, hata liwe la bei gani, halina.

Kuna pia hoja ya mazingira, na kwa mshangao wa wengi inaweza kutumika dhidi yangu. Mti wa plastiki, atasema mtu, nimeununua mara moja na utanifaa miaka kumi. Wewe kila mwaka unakata tawi na kutupa karatasi. Hesabu yake si ya kupuuza. Makadirio mengi yanasema kwamba mti wa plastiki unaotumika kwa miaka mingi unaweza kulipa gharama yake kwa mazingira, na mwenye nao tayari asiutupe eti kwa kuwa amesikia redio. Tatizo ni kwamba tunachonunua zaidi si miti. Ni nyuzi za kumetameta, vipande vya sponji, na chenga zinazobanduka kuanzia siku ya pili. Hivyo havifiki miaka kumi, na havina pa kurejelezwa. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania ikafuata Juni 2019, na marufuku hizo hazikugusa takataka hizi za sikukuu zinazoingia kwenye mifereji ileile. Nyuzi za kumetameta zenyewe zina historia isiyopendeza: kwa miaka mingi zilitengenezwa kwa madini ya risasi, yenye sumu, hadi Marekani ilipozikomesha mwaka 1972 kwa kuhofia watoto wanaotia kila kitu mdomoni. Ganda la mgomba likichakaa linarudi shambani kwenye shina lake. Na tawi, ikiwa lazima liwepo, liwe tawi lililopogolewa, mti wenyewe ubaki umesimama.

Wachuuzi watauliza watakula wapi. Watakula palepale, maana anayetengeneza naye ananunua: manila, gundi, riboni, uzi, rangi, ukili kutoka kwa akina mama wa pwani, na hori la jiwe la sabuni kwa yule anayetaka kitu kimoja cha kudumu kutoka kwa fundi ambaye hatumjui ila tunaijua nchi yake. Fundi wa Tabaka anayengoja oda ya Ulaya angefurahi kupata oda ya Dodoma.

Basi, msikilizaji, kabla ya kununua boksi la matufe mwaka huu, nunua manila tano, rula na mkasi, uviweke mezani tarehe 1 Desemba, na mmoja wa watoto akabidhiwe kazi ya kuhesabu ncha. Viongozi wa jumuiya ndogondogo na walimu wa shule za Jumapili, ninyi nawaomba msikodi mpambaji wa ukumbi. Wapeni vijana makuti, mianzi na ukili wiki mbili kabla, mwalikeni mzee mmoja anayejua kusuka, na mwacheni asimamie.